Saa ya Kumpigia Mama

Hii nimetumiwa na shangazi yangu asubuhi, bila salamu wala maelezo. Nimeisoma mara mbili, nami nakutumia wewe. Usinune, soma kwanza.

Kijana mmoja wa milimani, jina lake Kajiru, alikwenda kufanya kazi nchi za baridi. Akaoa huko, akapata nyumba, akafuga na mbwa, Bobi. Mbwa wa huko analala ndani kwenye zulia, sio hawa wetu.

Mama yake alibaki kijijini peke yake. Kijiji kiko bondeni na mtandao haushiki hata kidogo. Ukitaka kuongea na simu unapanda mlima mpaka kwenye jiwe moja kubwa, hapo ndipo simu inakamata. Watu wanaliita Jiwe la Simu.

Basi mwaka ule mama alipopata simu, yeye na Kajiru walipatana. Kila Jumapili, saa tisa alasiri ya kule kwa Kajiru, ambayo huku kwetu ni saa kumi na moja jioni, yeye anapiga. Mama anakuwa ameshapanda, amekaa juu ya jiwe na simu yake ya kitochi mkononi. Wanaongea, wanacheka, mama anateremka jua likiwa bado lipo. Hakuna Jumapili Kajiru aliyosahau, na alijisifia hilo kwa watu.

Sasa, nchi hizo wana jambo lao. Baridi inapokaribia, serikali inatangaza, na watu wote wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Siku zikirefuka wanazipeleka mbele tena. Sisi ambao jua letu linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, tunaona kama mchezo wa watoto. Lakini wao ndivyo wanavyoishi.

Kajiru alirudisha saa ya ukutani, ya jikoni na ya kwenye gari. Akamfikiria na Bobi. Mbwa hajui matangazo ya serikali, tumbo lake linadai chakula saa ile ile ya zamani. Kwa hiyo Kajiru akawa anamchelewesha chakula kidogo kidogo, kila siku dakika chache, mpaka mnyama akazoea bila kuteseka. Jumapili akamsimulia mama huku anacheka.

"Masikini," mama akasema, "afadhali umemwonea huruma. Na hizo saa zimerudi nyuma kweli?"

"Zimerudi nyuma, mama. Kila mwaka ndivyo."

"Haya, baba. Nimesikia."

Kajiru akaendelea kupiga saa tisa yake, kama kawaida. Lakini mama akabadilika. Hakai na simu tena. Wakianza tu kunoga, yeye anaaga: "Haya mwanangu, Mungu akulinde, wasalimie."

Jumapili ya tatu Kajiru akapandisha hasira.

"Mama, mimi huku najinyima usingizi wa mchana ili niongee na wewe, wewe unanikatia simu! Una shughuli gani ya kukuzuia kuongea na mwanao?"

Mama akasema, "Nisamehe, baba. Ni uzee tu."

Kajiru akamwambia mkewe, "Mama siku hizi hana haja na mimi." Na aliamini hivyo. Akanuna wiki nzima, mwanaume mzima.

Ikatokea akapata likizo ya ghafla. Akasema, naenda bila kumwambia, nimshtukize, na nijue huyo anayemharakisha ni nani. Akafika kijijini Jumapili alasiri. Mlango umefungwa. Jirani, Mama Nambike, akatoka uani na ufagio mkononi, akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe! Mama yako ameshapanda. Kamwahi, ule mkono haujapona."

"Mkono gani?"

Mama Nambike akashangaa. "Hajakwambia? Aliteleza akishuka gizani, baada ya kuongea na wewe. Mimi ndiye niliyemfuata na tochi."

Kajiru akatupa begi lake pale mlangoni. Akaupanda ule mlima na viatu vyake vya Ulaya, anateleza, anashika majani. Alipokaribia akamwona mama amekaa juu ya jiwe, amempa mgongo. Mkono mmoja umefungwa kwa kipande cha kanga, na mwingine umeshika simu. Mama akasikia nyayo, wala hakugeuka.

"Mama Nambike, rudi bwana, usinisubiri. Atapiga tu. Huyu mtoto hajawahi kuniangusha."

Kajiru akakaa chini hapo hapo kwenye majani kabla ya kusema, "Shikamoo, mama."

Vilio vya furaha sikusimulii, unavijua. Walipotulia akamuuliza, "Mama, umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa kumi."

"Lakini tulipatana saa kumi na moja!"

"Si ulisema saa zimerudi nyuma? Nikajua utapiga mapema, nami nikawa nawahi mapema. Naona simu inachelewa, nasema pengine ana kazi. Sikutaka upige unikose."

Kajiru akainamisha kichwa. Saa zikirudi nyuma kule, huku simu inachelewa saa nzima, haiwahi. Mtu wa kumweleza hilo mama alikuwa ni yeye peke yake, na hakulifikiria hata siku moja.

"Twende nyumbani, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Tukae kidogo, nimezoea kukaa."

Wakakaa. Jua likateremka nyuma ya mlima, ubaridi ukapanda, njia ya kushukia ikaanza kupotea machoni. Ghafla saa ya mkononi ya Kajiru ikalia. Alikuwa hajairekebisha, bado ilikuwa na majira ya Ulaya.

"Inalilia nini hiyo?" mama akauliza.

Kajiru alishindwa kumtazama usoni. "Inanikumbusha kukupigia, mama. Hii ndiyo saa yangu ya kukupigia."

Mama akatazama giza lililokuwa linaingia, kisha akamtazama mwanawe anavyofuta machozi kwa kiganja. Aibu ya mtoto inamuuma mama kuliko mkono uliovunjika. Akatafuta la kumchangamsha.

"Na Bobi je?" akasema. "Alishazoea zile saa?"

"Alizoea, mama."

"Afadhali. Yule hana mdomo wa kuuliza."

Kajiru akambeba mama yake mgongoni, akashuka naye mpaka bondeni.

Funzo: Usijisifu kwamba humsahau mtu, kama hujawahi kumuuliza saa unayompigia inamkuta wapi na katika hali gani. Na ujumbe huu usimtumie mama. Mama mpigie.