Aliyedhani Amekosea Msiba

"Sifa tupu haina uso," alisema Mzee Mfinanga, mhariri mstaafu, akiwarudishia vijana watatu kazi zao. Mmoja alikuwa ameandika mapishi, wa pili safari, wa tatu wasifu, na wote walikuwa wamejaza "nzuri", "tamu" na "bora". Wakamuuliza msemo huo kautoa wapi. Akavua miwani, akawaambia ulizaliwa msibani, kule Usangi, milimani Upareni.

Alikuwako huko mwanamke aitwaye Nakunda, bingwa wa kuandika wasifu wa marehemu. Msiba usiosomwa maandishi yake ulionekana kama pilau isiyo na nyama. Hakumnyima mtu sifa, awe mwema au mkorofi.

Siku moja alifariki Senzighe, seremala. Binti yake, Nanzia, fundi cherehani, alilelewa Tanga kwa mjomba tangu akiwa mchanga, wala hakuwahi kumwona baba. Asubuhi ya mazishi alimshika Nakunda mkono.

"Mama, baba simjui. Nitakachoondoka nacho ni hayo utakayosoma."

Nakunda akamwahidi, kisha akaandika kama alivyozoea.

Uani, mbele ya jeneza, akasimama kusoma. "Marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu..." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Siku hiyo kijijini kulikuwa na misiba miwili, na Bi Naetwe, aliyefanya kazi miaka mingi jirani na karakana ya Senzighe, aliingia akifuata sauti tu, maana macho yake yalikwishaingia ukungu. Alisikiliza kidogo, akajitanda khanga vizuri, akageuka.

"Bi Naetwe, wapi tena?"

"Mnisamehe wanangu, nimekosea msiba. Mimi nimekuja kumzika Senzighe."

"Si ndiye huyu!"

"Huyo mnayemsoma mimi simfahamu."

Watu wakaguna. Uso wa Nakunda ukawaka moto. Mwingine angekohoa, akaendelea kusoma. Yeye alimtazama Nanzia, akamwona ameinama kama mtu aliyenyimwa, akaona aibu yake si kitu mbele ya huzuni ile. Akaikunja karatasi, akamgeukia Bi Naetwe.

"Senzighe wako alikuwaje, mama?"

"Wangu? Akipiga randa aliimba kwa pua, wimbo ule ule, na hakuujua zaidi ya mstari wa kwanza. Penseli aliichomeka nyweleni, halafu anaitafuta karakana nzima akigombana na watu. Kigoda alichonitengenezea kilikuwa na mguu mfupi. Nilipomlalamikia akasema, 'Bibi, mlima wenyewe umelala upande!'"

Uani pakalipuka kicheko, kicheko chenye machozi, na kila mtu akawa na lake la kuongeza.

"Penseli?" aliuliza Nanzia. Akaingiza mkono chini ya khanga aliyojitanda kichwani, akachomoa nyweleni penseli yake ya kuchorea vitambaa. Mjomba alikuwa amemgombeza kwa tabia hiyo tangu utotoni. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Huyo Nakunda namvulia kofia," alisema Mzee Mfinanga. "Bingwa kukunja karatasi yake mbele ya kijiji si mchezo. Msemo ule ni wake, na toka siku hiyo hakuandika wasifu kabla hajauliza mikono ya marehemu ilikuwa inafanya nini. Haya, wewe wa mapishi, kitunguu kilikuwa na rangi gani ulipotia nyama? Wewe wa safari, nani alikupa maji ya kunywa?"

Yule wa wasifu hakungoja zamu yake. Aliichukua kazi yake mezani, akafuta mstari wa kwanza, akasema taratibu, "Sifa tupu haina uso."