Fundi Aliyehamisha Alama Yake

Wapendwa, wekeni simu zenu chini kidogo. Nataka kuwasimulia habari za simu.

Palikuwa na fundi mmoja wa funguo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mwizi, ila alivitumia kwa haki. Kitasa kikigoma, yeye hupiga goti, huingiza waya, hufumba macho kama anayesali, na kabla hujamaliza kumweleza ilivyokuwa, mlango uko wazi. Kibanda chake kilikuwa bondeni, ubavuni mwa mashine ya kusaga unga. Mashine ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, hata watu wa pale wakazoea kuongea kwa mikono.

Kazi ikapungua. Si mnajua mambo ya siku hizi? Mtu akipoteza ufunguo haulizi jirani, anauliza simu. Anaandika, "fundi wa funguo karibu nami," na simu inampangia majina. Basi fundi akaenda kwa dada mmoja wa steshenari, akasajiliwa. Dada akamwekea jina, namba, picha ya kibanda, saa za kazi, na alama nyekundu kwenye ramani, pale pale bondeni.

"Sasa waombe uliowafungulia milango waandike neno moja jema," akamwambia. "Utapanda taratibu."

"Taratibu mpaka lini, dada? Mimi ni wa tisa!"

"Wa tisa anayepatikana si haba, fundi. Vumilia."

Hakuvumilia. Aliona kwamba waliomtangulia wote wako juu, stendi, kwenye watu. Mchana mmoja akaiwekea kidole ile alama, akaisukuma. Ikapanda mteremko, ikavuka makaburi, ikatua stendi, kando ya kituo cha mafuta. Kisha akang'oa kibao chake kibandani, akaenda kukipigilia huko juu kwenye ukuta wa choo, kwa hisani ya mlinzi.

Baada ya wiki mbili, fundi akawa wa kwanza.

Mteja akimpigia, "Fundi, mbona sikuoni?" yeye hujibu, "Nipo hapa hapa, nimesogea kidogo tu," huku miguu inapanda kilima. Dakika kumi na mbili. Mkewe alikuwa akimcheka: "Baba watoto, ipo siku utahamia kweli huko juu, na sisi tukutafute kwenye simu!"

Niwaulize: alimwibia nani? Alimdhulumu nani? Wateja walifunguliwa milango, watoto wake walikula. Hata mimi ningesema, hakuna.

Ikaja siku ya mnada. Bonde zima limehamia mnadani, milango imefungwa, njia ni tupu, mashine ya kusaga tu ndiyo inanguruma. Fundi yuko kibandani anachonga ufunguo. Simu ikalia.

"Fundi wa funguo? Uko wapi?"

"Nipo stendi, mama. Kituo cha mafuta."

"Mlango umejifunga! Nimetoka kuanika nguo, upepo ukaubamiza. Mtoto yuko ndani peke yake, na nimebandika maharage. Namwona dirishani, anatambaa kwenda jikoni. Madirisha yote yana nondo, fundi, siwezi kupita!"

Ndani ya simu fundi alisikia mashine ya kusaga ikinguruma. Akadhani ni mngurumo wa pale kibandani pake tu.

"Tulia, mama. Wewe uko..."

"Simu inasema dakika kumi na mbili. Nimempigia bodaboda akufuate hapo hapo ulipo. Usiondoke, fundi! Nakuomba, usiondoke hapo!"

Ikakatika.

Angeweza kumpigia tena. Maneno machache tu: mama, nisamehe, nimekudanganya, mimi niko bondeni. Kidole kilikuwa tayari juu ya namba. Lakini aibu, ndugu zangu, ina miguu myepesi kuliko kweli. Akajiambia, nikikimbia sana nitafika pamoja na bodaboda, na hakuna atakayejua. Akabeba mkoba wake, akatoka mbio.

Akapanda. Jua la saa saba likampanda mgongoni. Makaburini simu ikalia tena.

"Umeshapanda pikipiki?"

"Ndiyo, mama," akasema akihema. "Tunakuja."

"Harakisha! Naona moshi. Mwanangu, toka hapo! Toka hapo, mama, njoo dirishani!"

Fundi akakimbia. Mkoba unampiga ubavuni, bisibisi zinalia, kifua kinawaka. Kila hatua aliihesabu kuwa ni ya kumfikia yule mtoto.

Alipofika kituo cha mafuta, bodaboda akamrukia kwa maneno. "Mzee, nimezunguka hapa mara tatu! Ndiyo fundi gani wewe, wa kujificha? Panda!"

"Tunakwenda wapi?"

"Bondeni. Ile nyumba ya kijani, nyuma ya mashine ya kusaga."

Fundi akabaki mguu mmoja chini, mguu mmoja juu ya pikipiki.

Nyumba ya kijani. Aliijua. Kutoka kwenye kigoda chake hadi mlango wa nyumba ile ni hatua thelathini. Wapangaji walihamia Jumatatu. Aliona godoro likishushwa, akasema nitakwenda kuwasalimu. Hakwenda. Alikuwa na mteja juu.

Walishuka kama jiwe. Walimkuta mama amejichana mikono kwa zile nondo, sauti imemkauka. Fundi akapiga goti. Waya ukaviponyoka vile vidole vyepesi mara mbili. Mara ya tatu kitasa kikaitika, moshi ukawatokea usoni, na mama akapita juu yake kuingia ndani.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mtoto alipona. Lakini alikuwa ameshika sufuria, na kiganja chake cha kushoto kitakuwa na kovu maisha yake yote. Na kilio cha kuungua, mama alisema, kilianza wakati pikipiki ikiwa bado inazunguka stendi.

Mama akatoka na mwanawe kifuani, apate hewa. Macho yake yakavuka njia. Akaona kibanda. Akaona meza, na funguo zimetundikwa kwenye misumari zinametameta juani, na kigoda kitupu. Akamtazama fundi.

"Kumbe wewe ni wa hapa?"

Fundi akainama kuokota waya wake. Je, sisi tungemjibu nini?

Maana sisi nasi tumepandisha alama zetu. Picha zetu za kwaya zinaonekana hadi miji ya mbali. Tunachangia jiwe la msingi ambako jina letu litasomwa kwa kipaza sauti. Tunaandika pole ndefu kwenye kundi la watu mia mbili, na mgonjwa wa nyuma ya ukuta wetu anatujua kwa mlio wa gari letu tu. Sisemi ni vibaya kuonekana. Yule dada alikuwa sahihi: weka jina, weka picha, utafutwe. Lakini weka alama pale unapokaa! Maana mwenye shida hutafuta aliye karibu, na sisi tumemfundisha kwamba karibu hakuna mtu.

Mimi simwogopi mtu atakayeniambia hanijui kabisa. Namwogopa jirani wa mlango wa pili. Siku mlango wa maisha yake utakapojifunga, atahangaika, atauliza, atapanda na kushuka akitafuta mtu wa Mungu wa kusimama naye. Na akiwa amechoka, machozi yamemkauka, na moto umeshafanya kazi yake, atakutana nawe hapa, kwenye geti la kanisa hili, na Biblia yako kwapani. Atakutazama. Naye atasema:

"Kumbe na wewe unasali?"