Likwata Aficha Minyororo

Bwana Shauri alimwita Likwata, dobi wake, barazani.

"Kesho anakuja bibi kutoka Ulaya, wa chama kinachopinga shokoa, hizi kazi za kulazimishwa. Minyororo yote ya shamba la pamba, ile niliyoigongesha jina langu isiibwe, ifiche mahali ambapo hatapekua. Akiiona hapa, utaivaa wewe."

"Hataiona hapa, Bwana."

Bibi akafika, akapekua ghala, mahabusu, hata banda la kuku, asione kitu. Likwata akamfulia nguo, akazikunja, akamfungia mizigo. Siku ya tatu bibi aliondoka amenuna, wapagazi wake wakihema nyuma. Bwana Shauri akampa Likwata kanzu mpya.

"Sasa lete minyororo. Watu wameanza kuzoea kupumzika."

"Imeshaondoka, Bwana."

"Imekwenda wapi?"

"Nilitafuta mahali ambapo yule bibi hatapekua, nikaona ni masanduku yake mwenyewe. Atayafungua kwao, mbele ya chama chake."

Bwana Shauri aliketi chini.

"Usiwe na wasiwasi, Bwana," alisema Likwata, akijaribu kanzu. "Haiwezi kupotea. Ina jina lako."