Firigisi ya Mzee Badawi

Mzee Badawi, tajiri wa mtaani kwetu, alimtwaa tetea wangu. Nilipolalamika alicheka: “Kuku yuko kwangu, huo ni ukweli. Kwamba ni vibaya, hayo ni maoni yako.”

Mimi Mbwarali, mwembamba kama ufito na mwoga kuliko panya, niliitikia, “Naam, mzee,” nikamwalika chakula pamoja na majirani.

Alipewa firigisi, heshima ya mgeni, akaitafuna. “Kuku mtamu! Umempata wapi?”

“Ni yule jogoo wako, mzee.”

“Huu ni ubaya!”

“Si maoni tu?” niliuliza, nishafika mlangoni, viatu mkononi.

“Ubaya wa kweli kabisa!”

“Na tetea wangu je?”

Majirani walimkodolea macho mpaka akamrudisha.

Mara jogoo wake akawika ukutani kwake. Mwoga kama mimi ningemwiba vipi? Tulikuwa tumemla jogoo wangu mwenyewe.