Bi Rababu na Matari ya Jirani

Wamesimulia waliotutangulia, nami nimepokea kwa bibi yangu mzaa mama, mtu asiyejua kumeza neno, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, enzi za makhalifa, palikuwa na mja mwema akiitwa Bi Rababu. Mumewe, Sheikh Hayani, alikuwa kitandani, maradhi yamemmaliza. Haja yake duniani ilibaki moja tu: asomewe Yasini, aisikie, kisha afe.

Basi jirani yao wa ukuta mmoja, Dhiyabu, tajiri wa ngamia, alikuwa mtu wa karamu. Ikishaswaliwa adhuhuri, matari! Zumari! Vigelegele! Ukuta ukatetemeka hata vumbi likamwangukia mgonjwa usoni. Bi Rababu alisoma, lakini hata mwenyewe hakujisikia. Sheikh akawa anaitazama midomo yake tu, machozi yakimtoka.

Bi Rababu akaenda kumshitaki Dhiyabu kwa muhtasibu, yule msimamizi wa adabu za mji. Muhtasibu akaja na bakora yake. Loo, mwenye karamu alikwisha kunong'onezwa! Nyumba kimya, utadhani wamo kwenye hotuba ya Ijumaa. Wakaulizwa majirani, "Kelele mnazisikia?" Wakasema hawasikii. Wangesikiaje, na pilau ya Dhiyabu ilikuwa haijakauka vidoleni?

Muhtasibu akasema, "Mama, kelele bila shahidi siwezi kuzihukumu. Ila kama umeona mvinyo mle ndani, apa. Nitamtoa leo hii, yeye na wanawe."

Bi Shifaa, wa nyumba ya mbele, akamfinya. "Shoga, sema umeona! Kwani wale huruka vile kwa maji ya zamzamu?"

"Matari nimesikia. Mvinyo sikuona."

"Haya, kaa na ukweli wako. Mumeo atasomewa na zumari."

Muhtasibu akaenda zake, na bakora yake haijageuka kona, matari yakaanza upya.

Bi Rababu akalia, "Ee Mola wangu, milango ya waja nimeimaliza." Akasubiri. Hakuna kilichobadilika.

Alasiri moja Sheikh Hayani akaingia katika sakarati ya mauti. Mkewe akamwekea kinywa sikioni, akimtamkia shahada, na ukuta ukinguruma. Roho ikatoka. Alisikia, hakusikia? Bi Rababu hakujua, na alikufa miaka mingi baadaye hajajua.

Matangani akaja Dhiyabu, ameinamisha kichwa. "Dada yangu, nimeambiwa ulitakiwa uniapie mvinyo ukakataa. Ungeniangamiza na wanangu. Wenzetu waliniambia una chuki tu. Mbona hukuja kunieleza kuwa una mgonjwa?"

"Nilikuja, ndugu yangu. Niligonga mpaka mkono ukavimba. Hamkusikia."

Dhiyabu akakaa chini, pale pale kizingitini, akalia kama mtoto. Tangu siku ile hapakupigwa tari nyumbani mwake. Bi Rababu akapata kimya chake, akaisoma Yasini aya kwa aya, mbele ya kitanda kitupu.

Enyi waumini, msiniulize malipo ya ukweli wake yalikuwa wapi. Humu duniani sikuyaona, nami nimechungulia. Tunatarajia kwa Mola kwamba Sheikh alisikia. Lakini wale waliosema hawasikii, swali la muhtasibu walilisikia barabara. Na liko jingine, la Siku ya Hesabu, watalisikia pia.