Kamera Iliyochubuka

Asubuhi ile ya mwaka 1996, ufukwe wa Bangwe ulifurika watu kama siafu. Maboti yalishusha wakimbizi mfululizo, na katika patashika hiyo watoto walipoteana na wazazi wao. Kazi ya Siwema, mpiga picha wa Ujiji, ilikuwa kumpiga picha kila mtoto wa aina hiyo akiwa ameshika ubao wenye namba, picha zibandikwe makambini ili wazazi wazitambue sura.

Siku hiyo Siwema alivimba kichwa. Shingoni alining'iniza kamera mpya ya plastiki, inayovuta mkanda wa filamu yenyewe, aliyoinunua dukani kwa Feliksi, Gungu. Kamera ya chuma aliyoachiwa na marehemu baba yake, rangi imechubuka kila pembe, aliitupa kikapuni, jioni amuuzie Feliksi huyohuyo.

"Hilo jiwe lako nitalifanyia kigingi cha mlango, dada," Feliksi alikuwa amemtania pale dukani, naye Siwema akacheka.

Maskini, laiti angalijua! Watoto wengine alikwisha kuwapiga picha jana yake kwa ile ya chuma. Alibaki mmoja, wa miaka mitatu hivi, asiyetamka neno, hata jina lake. Lori la kuwapeleka kambini lilikuwa linaunguruma. Siwema alipoinua kamera, watu walikimbilia boti lililokuwa likifika, wakampiga kikumbo. Kamera ikaanguka maweni, mfuniko ukafunguka, betri zikaruka, na mkanda wote ukaungua kwa mwanga.

"Dada, mimi naondoka! Mvua ikinikuta njiani nitakwama," alifoka Nikodemu, dereva.

"Kaka Nikodemu, nakusihi! Bila picha, mama yake atamjuaje?"

Siwema aliichomoa kikapuni kamera kuukuu, ambayo mkanda wa jana ulikuwa haujaisha ndani yake. Kwa pupa yake ikamponyoka, ikabiringika juu ya mawe yaleyale.

"Yalaa! Nimekwisha!"

Aliiokota, akaifuta mchanga kwa khanga, akavuta mkanda kwa kidole gumba, akabonyeza. Kwachu! Ikaitika kana kwamba haijawahi kuguswa na jiwe. Nikodemu akambeba mtoto, lori likaondoka.

Jioni Feliksi alifuata mali yake. "Siuzi, kaka, hata unipe duka zima," Siwema alimjibu.

Wiki tatu baadaye, katika kambi nyingine, mwanamke wa Kirundi aitwaye Anésie alisimama mbele ya ubao wa picha, akapiga magoti. "Mwana wanje!" alilia. "Mwanangu yu hai!"

Siwema alipoletewa habari hizo machozi yalimtoka, maana alijua jinsi alivyoponea chupuchupu. Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.