Wanawake Thelathini, Mteja Mmoja

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, maana simu zilikuwepo na sheria zilikuwa nyingi, palikuwa na wanawake thelathini wakwangua chumvi. Walikuwa na kikoba cha kuweka na kukopa, na kikoba kilikuwa na sanduku la kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikaa nao Somoe, wa pili Asumini muuza chai, wa tatu bibi mmoja ambaye hadithi hii haina kazi naye. Kila Ijumaa, kabla ya yeyote kukopa, sanduku lilitoa kwanza gharama za Mosi, binti wa Somoe, aliyekuwa akisafishwa figo kwa mashine mara mbili kwa wiki. Somoe hakulazimika kuomba. Aliinamisha kichwa tu, hela zikawekwa mapajani mwake.

Akaja Bi Mwajabu, afisa wa vikundi, na sheria mpya: sanduku marufuku, fedha zikae benki yenye leseni. Wanawake wakanung'unika. Akawakumbusha kijiji cha pili, mtunza sanduku alivyokatwa mapanga. Wakakubali. Akawajazia fomu mwenyewe, penye jina akaandika jina la kikundi.

Haukupita mwaka, akaja Bwana Mfaume, mkaguzi wa mabenki. Akafunua vitabu, akakuta wakubwa wa benki wamejikopesha mpaka limebaki tundu. Akaandika ripoti, akafunga mdomo. Sheria ilimtaka afunge, na tena mnunuzi wa kuiokoa benki alikuwa njiani, bado siku nne. Somoe akamkuta mlangoni, akamuuliza kwa adabu kama hela za kikundi zipo salama.

"Benki iko wazi, mama," akajibu.

Na kweli ilikuwa wazi.

Kesho yake Asumini akawaona makarani wa benki ile ile wamepanga foleni kwa wakala wa benki nyingine, kila mmoja na bahasha yake. Hakuhitaji shahada kuelewa. Akaacha birika motoni, akapita sokoni akipaza sauti. Mji mzima ukamiminika. Adhuhuri milango ikafungwa kabla zamu ya kikundi haijafika, na mnunuzi akageuza gari.

Serikali ikatangaza bima ya amana: kila mteja atalipwa, mwisho kiasi fulani. Somoe akashusha pumzi, maana wao walikuwa thelathini. Dirishani akaambiwa kikundi ni mteja mmoja. Fungu la mtu mmoja, kwa watu thelathini, nalo baada ya uhakiki.

Mosi akakosa mashine Jumatatu. Akakosa Alhamisi. Akavimba uso. Jumatatu iliyofuata akamwambia mama yake asiuze kitanda, atalalia nini. Alhamisi wakamzika.

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha, watu watatu wakabaki mkekani kuomba radhi.

Bi Mwajabu akasema, "Shoga yangu, tangu sheria ile, hakuna mwanamke aliyekatwa kwa ajili ya sanduku. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Ningeandika thelathini wapi?"

Bwana Mfaume akasema, "Mama, ningekwambia wewe, ningekuwa nimeuambia mji. Siku nne tu. Mji ungetulia siku nne, mnunuzi angefika, na Mosi angekuwa hai."

Asumini akamkata jicho. "Ulinyamaza, makarani wako wakatoa zao. Mimi ndiye niliyetakiwa ninyamaze?" Akamgeukia Somoe. "Dada, ningekunong'oneza wewe peke yako, ungetoa za Mosi ukaondoka. Na wenzetu je? Nilipaza sauti kwa sababu wote ni wenzetu."

Somoe akawatazama mmoja mmoja. Aliyemlinda kwa sheria. Aliyemficha ukweli kwa sheria. Aliyempenda mbele ya watu wote. Hakuna aliyesema uongo. Angepata mwongo mmoja, angelala.

"Nimechoka," akasema. "Radhi ninayo moja tu moyoni, zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya. Semeni wenyewe nimpe nani."



Haya, nyinyi mlioketi hapa na midomo iliyokuwa hodari tangu jioni: radhi ni moja, na mama wa watu anasubiri. Je, nani aliistahili?